Kwa nini kufungwa na timu nzuri kunanoga kuliko kushinda na timu mbovu? (Wacheza gemu za mtandaoni tukutane hapa)

#1 NyundoMbili

Wakuu, salaam.

Jana usiku nilishinda mechi sita mfululizo, nikazima mashine nimenuna. Juzi yake tulipigwa mechi tano, nikaenda kulala nacheka peke yangu kama mwehu. Swali hili nimeshinda nalo kutwa, nikaona bora nilimwage hapa.

Mechi sita za jana nilipangwa na watu watatu nisiowajua. Mmoja wao alikuwa fundi kwelikweli, anaua kabla sisi wengine hatujajua adui yuko upande gani. Kazi yetu ikawa kumkimbilia nyuma na kuokota risasi alizozikataa. Hakutoa hata alama moja kwenye ramani. Nilipodondoshwa alipita hatua mbili tatu kutoka nilipolala, akafungua sanduku, akachagua alichotaka, akaenda zake. Tukashinda. Skrini ikaandika mabingwa kwa maandishi ya dhahabu, na mimi nikajiona kama abiria aliyepewa medali ya udereva.

Juzi nilikuwa na wenzangu wa siku zote. Mechi ya mwisho, wawili tuko chini tunatambaa, wa tatu keshakufa moja kwa moja anatazama tu. Amebaki yule tunayemtania kwamba risasi zake huwa zinaogopa watu. Mfukoni ana bomu la moshi, basi. Akalirusha katikati yetu, akaingia humohumo ndani ya moshi, akapiga magoti kuniinua. Mnaujua ule mduara unaojaa polepole? Umefika robo tatu, tukasikia nyayo. Wote tukapiga kelele, acha, kimbia! Akajibu kwa sauti ya mtu anayefunga kamba za viatu: "Nyamazeni, namalizia." Hakumalizia. Tulikufa wote kwa bomu moja. Mpaka leo kwenye kundi letu mtu akichelewa jambo lolote anajibiwa, "nyamazeni, namalizia."

Sasa nadharia yangu ni hii. Raha ya timu ni kuhitajika. Ushindi ni nyongeza. Nataka nijue kwamba ningekuwa sipo, kuna kitu kingekwama, na nataka mwenzangu naye aone kwamba nimekiona alichokifanya. Gemu zinazonoga kwa timu ni zile ambazo watengenezaji wake wamelijenga jambo hilo ndani ya sheria zenyewe, hawakuwaachia wachezaji wawe watu wema kwa hiari yao.

Mfano ninaoupenda ni Deep Rock Galactic, ile ya vibete wachimba madini, watu wanne mapangoni. Kila mmoja ana kifaa ambacho wenzake hawana. Skauti ana ndoano ya kujivutia juu na bunduki ya kurusha taa. Mhandisi ana bunduki inayotema majukwaa yanayoganda ukutani. Yupo wa madrili anayetoboa mwamba anapotaka, na yupo wa bunduki kubwa anayefunga kamba ya kutelezea toka ng'ambo hii hadi ile. Basi mnaingia kwenye pango, giza totoro, skauti anarusha taa, madini yanang'aa juu kabisa ya ukuta. Skauti anaweza kufika, lakini hana pa kusimama, akifika anaporomoka. Mhandisi anaweza kuweka pa kusimama, lakini hafiki. Skauti anayaelekezea alama yale madini, haongei. Mhandisi anatema jukwaa chini yake. Skauti anaruka, anatua, anachimba. Sekunde nane hivi. Halafu kuna kitufe ambacho hakiui wala hakijengi chochote: ukikibonyeza kibete wako ananyanyua sururu na kupaza kaulimbiu yao, na wenzako wanajibu. Nimeshaona watu wanakibonyeza katikati ya vita, wadudu wamewazunguka pande zote!

Left 4 Dead, tangu 2008, walilifanya kwa ukatili zaidi. Yuko zombi anayekurukia na kukukandamiza chini, yuko mwingine anayekuvuta kwa ulimi kutoka mbali. Akishakushika barabara, hata uwe bingwa wa mabingwa, mikono yako haina kazi. Mpaka mwenzako aje. Ukijitia ushujaa ukatangulia peke yako, unaliwa peke yako, wenzako wanasikia sauti tu.

Nyie wenzangu mnaonaje? Nini kinakufanya ubaki kwenye timu, na nini kinakufanya utoke?

#2 SitiYaMbele

Nimeshakaa. Endeleeni.

#3 KisikiChaMpingo

Mkuu naomba kutofautiana nawe. Usije ukatuletea habari za kidole kimoja hakivunji chawa, huyo jamaa wako wa jana kamvunja kwa kidole kimoja mara sita na pointi mmezila wote.

Mimi nacheza gemu za watano kwa watano kila siku, naingia kupanda daraja. Nikipanda nafurahi, nikishuka nakasirika, hayo mengine ni hadithi. Ukinipa watu wazuri wa kucheka nao halafu tukashuka daraja, kesho siwataki. Na huo uzuri wa kuhitajika mbona una upande wa pili? Kama gemu inanihitaji mimi na wewe na mmoja wetu ni mzigo, basi wote tumezama. Mwacheni fundi afanye kazi.

#4 NyundoMbili

Kisiki, umenipa hoja bila kujua. Umesema "nikipanda nafurahi." Swali: ukipanda kwa sababu timu pinzani mtandao wao ulikatika, unafurahi vilevile?

Mifumo ya kupanga mechi inaangalia matokeo. TrueSkill ya Microsoft, ile waliyoitumia kwenye gemu ya Halo 3, inaweka namba mbili kwa kila mchezaji: inakukadiria uko kiwango gani, na ina uhakika kiasi gani na makadirio hayo. Ukishinda inakusogeza, ukifungwa inakusogeza, na kadiri inavyokujua ndivyo inavyokusogeza kidogo. Akili nyingi sana. Lakini kwa mfumo huo, yule mwenzangu wa bomu la moshi ni mtu aliyefungwa tu, sawa na aliyelala. Ukicheza ukitazama namba hiyo tu, baada ya muda na wewe unaanza kuwaona wenzako hivyohivyo. Sikulaumu, nimeshapitia. Nilifika hatua naangalia historia ya mtu kabla mechi haijaanza na kumchukia mapema.

Kuhusu mzigo, hapo nakubali. Timu ikipishana sana kiwango hainogi, wa juu anachoka, wa chini anaona aibu.

#5 BintiSkauti

Mnaongea kama vile wote tuna maiki.

Mimi ni mwanamke. Nikiwasha maiki mechi inageuka mahojiano: wewe ni dada? una miaka mingapi? mbona unacheza gemu? Nikikosea kidogo, "ndiyo maana." Nikipatia, "nani anakuchezea?" Basi nikazima maiki, miaka. Ikawa nacheza kimyakimya, naonekana mtu asiyejali timu, kumbe najali kuliko wote.

Apex Legends, gemu ya kupigana kwa timu za watatu, ilipotoka Februari 2019 ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango. Kitufe kimoja: unakiona kitu, unabonyeza, na mhusika wako ndiye anayeongea kwa niaba yako, kwa sauti yake yeye. Twende pale. Bonyeza mara mbili, adui yule pale. Lenga silaha iliyolala chini, anawaambia wenzako ni silaha gani, na mwenzako anaweza kujiwekea nafasi kabla hajafika. Lenga mlango, atasema mlango ulishafunguliwa. Mechi nzima nimeongoza wanaume wawili bila kutoa sauti, mwisho mmoja akaandika "kapteni asante." Hakujua mimi ni nani na sikuwa na shida ajue.

Kwa hiyo Nyundo nakuongezea kwenye nadharia yako. Kuhitajika peke yake hakutoshi. Lazima kuwe na njia ya kusikika ambayo haikuanzi kwa kukuuliza wewe ni nani.

Na kingine. Ile gemu ilikuwa na jambo la bendera: mwenzako akifa, unaweza kuokota bendera yake kabla muda haujaisha, ukaipeleka kwenye mnara, akarudi. Ukimwona mtu usiyemjua anakatisha uwanja mtupu, risasi zinamnyeshea, amebeba bendera yako… aisee.

#6 SautiYaChini

Dada Skauti umenena. Naongezea moja fupi ya wasioongea.

Journey, 2012, PlayStation 3. Mnakutana wawili jangwani, hakuna jina juu ya kichwa, hakuna maiki, hakuna kuandika. Una mlio mmoja tu kama wa ndege. Majina mnaonyeshwa mwisho kabisa, gemu ikishaisha. Mkigusana, skafu zenu zinajaa nguvu na mnaweza kupaa tena.

Sasa sikilizeni hii. Aliyeiongoza kazi hiyo, Jenova Chen, ameshasimulia kwamba kwenye majaribio ya mwanzo wachezaji waliweza kusukumana, kwa nia kwamba wasaidiane. Watu wakawa wanasukumana mashimoni. Hawakutafuta watu wenye tabia nzuri zaidi, walibadilisha sheria: kugusana kukawa ni kupeana nguvu. Watu wakaanza kukaa karibu.

#7 TabibuWaZamu

Vijana, wapisheni wazee.

Mimi nimekuwa mtibu wa timu tangu siku za mwanzo za World of Warcraft, ile gemu ya mtandaoni ya ulimwengu mmoja wa watu wengi. Mnajua kazi ya mtibu? Huoni vita. Unaona vibao vya uhai, vijistari vya kijani vinavyopungua, na wewe unavijaza. Nimeua majoka ambayo sura zao nilikuja kuzijua baadaye kwenye picha. Na bado ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu kuna yule mbeba ngao mbele, na mimi na yeye tulikuwa na lugha yetu. Akisogea kushoto hatua moja nilijua anategemea kipigo kikubwa, naanza dawa kabla hajapigwa. Dawa inachukua sekunde mbili na nusu kuiva, ukisubiri mpaka aumie, umemzika. Hatukuwahi kuonana uso kwa uso. Nilijua akipumua vibaya.

Siku zile za mwanzo tulikuwa tunaingia Molten Core, pango la mabosi, yaani maadui wakubwa, watu 40. Arobaini! Kusema kweli nusu yake walikuwa wanasindikiza, na mmoja kila mara alikuwa ameenda kufungua mlango wa nyumba yake na harudi. 2007 waliposhusha hadi 25 kuna waliolia, mimi nilishangilia, kwa sababu kwenye 25 mtu akizubaa anaonekana, na akifanya vizuri vilevile anaonekana.

Lakini nilichotaka kusema ni muda wa kukaa bure. Waliocheza EverQuest, ya 1999, watanielewa. Mkimaliza pambano, watu wa uchawi wanakaa chini kusubiri nguvu zirudi. Dakika na dakika. Hakuna cha kufanya. Sasa watu watano mmekaa chini ya mti wa kompyuta mnafanya nini? Mnaongea. Nani kafiwa, nani kapata kazi, nani mtoto wake anaota meno. Urafiki wangu wote wa gemu ulizaliwa pale, kwenye kusubiri, wala si kwenye kupigana.

Halafu Desemba 2009 Warcraft wakaleta chombo cha kutafuta timu. Unabonyeza, unasubiri, kinakuletea watu kutoka seva nyingine, yaani ulimwengu mwingine wa gemu hiyohiyo, kinawarusha nyote ndani ya pango moja kwa moja. Kabla ya hapo ilikubidi utangaze mjini, uombe, usafiri. Ilikuwa inachosha, sitaki kudanganya, na mwenye saa moja tu ya kucheza alikuwa hapati kitu. Chombo kilimwokoa huyo. Ila kiliondoka na jambo moja: zamani ukiwaibia watu mali ya bosi, seva nzima inalijua jina lako na hupati timu wiki nzima. Baada ya pale, unaiba, unaondoka, na hao watu hutawaona tena maishani. Watu wakaacha kusalimiana. "Habari" ikageuka kupoteza muda.

Sisemi turudi kukaa chini ya mti. Nasema kila gemu inapoondoa usumbufu iangalie usumbufu huo ulikuwa umebeba nini mgongoni.

#8 KisikiChaMpingo

Mzee Tabibu, hii nimeisoma mara mbili.

Basi na mimi niseme ukweli wangu. Kinachoniudhi ni mdomo. Kushuka daraja naweza kukuvumilia, ila kuna jamaa tukipoteza pambano la kwanza tu anaanza: wewe umetuua, wewe futa hiyo gemu. Dakika ya tatu! Mechi ina dakika 35 mbele. Kuanzia hapo hakuna anayejaribu jambo, kila mtu anacheza asilaumiwe. Nimeona timu ina uwezo wa kugeuza mechi, imekaa nyumbani kwake inaogopa maneno ya mwenzao kuliko adui.

Na pingi, ule muda mtandao unaochelewa. Mtandao ukivuta mpaka mili-sekunde 250, unapiga mtu aliyekwisha ondoka, unaonekana mjinga na huna kosa. Hakuna raha ya timu kwenye pingi hiyo. Siku hizi nikiona mtandao mbovu nawaambia mapema, "nitabeba dawa na kulinda nyuma," sigombei nafasi ya mbele. Watu wanaelewa ukiwaambia kabla. Ukiwaambia baada ya kufa, ni kisingizio.

Yule jamaa wa bomu la moshi mwambieni namtafuta. Nina nafasi kwenye timu.

#9 MgeniWaLobi

Samahanini wakubwa, nimekuwa msomaji tu humu.

Mimi ndiyo kwanza naanza, na ni mbovu, sitanii. Vidole vyangu vizito. Kila nikiingia na watu nisiowajua, wanatoka au wananiachia nife. Mnasema raha ni kuhitajika, sasa mtu ambaye hahitajiki na yeyote anaanzia wapi?

#10 TabibuWaZamu

Karibu sana mwanangu, wala usiombe samahani.

Kuna gemu ambazo ugeni wako ni mali. Final Fantasy XIV ukiingia pango kwa mara ya kwanza, wenzako wote wanapewa bonasi kwa ajili yako, na gemu inawatangazia mwanzoni kwamba yumo mtu hajawahi kufika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, imeandikwa kabisa kwenye programu. Nimeona wakongwe wanafurahi wakiona tangazo lile, wanasimama kukuelekeza bosi ana tabia gani. Na mchezo wote umepangwa hivyo, wakongwe wanalipwa kurudi mapango ya zamani ili wapya wasikose wenzao.

#11 BintiSkauti

Mgeni, kama tatizo ni vidole, tafuta gemu ambazo vidole si kitu.

Keep Talking and Nobody Explodes. Mmoja anaona bomu, haoni kitabu. Wengine wana kitabu, hawaoni bomu. Saa inahesabu. Mimi niliicheza na dada yangu ambaye hajawahi kushika gemu maisha yake yote:

"Nyaya ngapi?"
"Tatu."
"Kuna nyekundu?"
"Hakuna."
"Kata ya pili."
"Ya pili kutoka wapi?!"
"Juu! Juu!"

Alikuwa amesimama juu ya kochi. Sasa hivi yeye ndiye ananipigia simu tucheze.

Nyingine ni It Takes Two, ya wawili tu, haichezeki peke yako hata utake. Mmoja akinunua, mwenzake anaingia bure kwa pasi ya rafiki. Kuna mahali mmoja anapewa misumari ya kurusha na mwingine nyundo: wa misumari anapigilia ukutani, wa nyundo anajining'iniza kwenye msumari huo kuvuka. Ukiuvuta msumari mapema mwenzako yuko hewani… utajua kama mnapendana.

#12 NyundoMbili

Mgeni, na mimi nakuongezea moja, maana humu tumeongea kama kukosea ni dhambi.

Helldivers 2. Risasi zako zinawaua wenzako, mabomu yako yanawaua wenzako, hata sanduku la msaada likishuka kutoka angani linaweza kumtua mwenzako kichwani. Kuita bomu unabonyeza mishale kwa mpangilio, juu, kulia, chini, kile na kile, huku wadudu wanakula miguu yako. Siku yangu ya kwanza niliita shambulio la anga, mkono ukateleza, mpira wa ishara ukaangukia katikati ya timu yangu. Kimya. Halafu mmoja akasema taratibu, "mwanga mwekundu huu ni wa nani?" Sote tukafa. Wakacheka mpaka mmoja akavua hedifoni. Kwa sababu kila mmoja wao alishawahi kuwaua wenzake, hakuna aliyekuwa na ubavu wa kunilaumu. Gemu imefanya uzembe uwe wa wote.

Kesho usiku niko kwenye pango la vibete, nafasi ipo. Wenzangu wa siku zote (ndiyo, hata yule wa moshi) wana safari. Nimekutumia ujumbe pembeni. Utakuwa mhandisi, kazi yako ni kubandika jukwaa pale skauti atakapoelekeza. Skauti ni BintiSkauti, nimeshamwomba. Kisiki naye kasema anakuja "kuangalia tu."

#13 KisikiChaMpingo

Nimesema kuangalia.

#14 SitiYaMbele

Siti yangu isiguswe, nasubiri mrejesho.

#15 MgeniWaLobi

Mrejesho.

Jukwaa la kwanza nililibandika kwenye uso wa Kisiki. La pili likakaa juu ya madini badala ya chini, dada Skauti akagonga kichwa akaporomoka pango zima, tukamsikia njia nzima anavyoshuka. La tano likakaa sawa. Akatua, akachimba, halafu akageuka kuniangalia huku chini akanyanyua sururu. Nikatafuta kile kitufe, sikukijua kiko wapi, nikarusha bomu kwa bahati mbaya. Kisiki aliyekuja kuangalia tu alikufa mara nne akiniinua mimi.

Hatukumaliza hata pango moja. Tumejaribu mara tisa.

Kesho saa ngapi?